Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Wekeni ukurasa wa visa mkasa kwenye taarifa za robo mwaka

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi mkunga wa zahanati ya kijijini. Asubuhi ya kliniki, kabla ya kupima watoto uzito, natakiwa kutoa elimu ya afya. Kwa miaka mingi nilisoma bango kitita: dalili za hatari kwa mjamzito, ya kwanza hadi ya mwisho. Kina mama waliitikia "ndiyo, sista", macho yao kwenye foleni ya mzani.

Siku moja nililiacha bango. Nikawasimulia habari za mama aliyevimba uso, mama mkwe akamtuliza kwamba mimba ndivyo zilivyo. Sijafika mwisho, binti mmoja akanikatiza: "Na kichwa kilikuwa kinamuuma, sista? Maana changu leo siku ya tatu." Nikampima presha palepale, na jioni alikuwa ameshafikishwa hospitali. Maumivu ya kichwa yamo kwenye bango lile, tena kwa herufi kubwa. Alishayasikia mara nne.

Nilipoandika kisa hicho kwenye taarifa ya robo mwaka, ilirudishwa: "Taja idadi ya waliohudhuria." Nikataja. Walikuwa 31.

Sipingi takwimu, Mheshimiwa. Vitabu vya MTUHA, vya takwimu za huduma za afya, navijaza kila siku, na najua kisa kimoja si ushahidi wa nchi nzima. Lakini hadithi nayo inapimika, na nchi yetu ilishaipima. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Wengi wa rika langu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu, aliyechoka akaondoka kuanza biashara yake. Watafiti waliiacha Dodoma bila mchezo huo hadi 1995, wapate pa kulinganisha. Kwingine uliposikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma. Nayo Dodoma ilipoanza kuusikia, mabadiliko yakaonekana huko pia. Hakuna aliyehubiriwa. Watu walimcheka Mkwaju, wakamwonea huruma, wakabishana juu yake nyumbani, na katika kubishana huko mume na mke wakapata pa kuanzia mazungumzo yaliyokuwa magumu. (Wakwe nao walikuwa wanasikiliza, tusisahau.)

Basi ninachoomba ni kidogo. Taarifa ya robo mwaka iwe na ukurasa mmoja wa kisa mkasa, na ngazi ya wilaya pawe na mtu wa kuusoma. Vyuo vya uuguzi viwafundishe wanafunzi kusimulia kama vinavyowafundisha kuchoma sindano, maana hadithi iliyosimuliwa vibaya hupotosha, na ile inayomfichua mgonjwa ni kosa la kazi. Nimeshaona semina nzima ikiendeshwa kwa slaidi 80, halafu wakati wa chai ndipo wauguzi wanaambiana kilichowakuta wodini. Mimi yaliyonisaidia kazini niliyapata kwenye chai.

Nina daftari la visa, limefika ukurasa wa 40. Majina sikuandika, wala vijiji. Mkilihitaji nitalileta mwenyewe, siku yoyote isiyo Jumanne. Jumanne ni kliniki.

Wako mtiifu,
Muuguzi mkunga