Barua ya wazi kwa vijana wanaowauza gadi wachanga

Wanangu mnaokesha na NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani,

Shikamoo zenu nimezipokea. Sasa nisikilizeni, maana mmenichosha. Gadi, yaani mchezaji anayeongoza mpira, wa miaka 20 akikosa mitupo saba usiku mmoja, kukicha nyinyi mashabiki mmeshapanga dili vichwani: yeye, mwenzake wa benchi na chaguo la raundi ya kwanza (zamu ya timu kuchagua kijana mpya kwenye drafti, mgawo wa kila mwaka wa wachezaji wanaoingia ligini), ili tupewe nyota wa miaka 33. Mnagawa watu kama chenji ya daladala.

Julai 2019 timu ya Clippers walimtaka nyota wa Oklahoma City, Paul George. Wakawapa Oklahoma City Danilo Gallinari, machaguo matano ya raundi ya kwanza, haki ya kubadilishana machaguo mara mbili, na kijana mwembamba aliyemaliza msimu wake wa kwanza kwa wastani wa pointi 10.8. Kijana huyo ni Shai Gilgeous-Alexander. Chaguo mojawapo, la 2022, likawa Jalen Williams. Mwaka 2024 George akajiendea zake Philadelphia, Clippers wakabaki mikono mitupu. Mwaka 2025 Shai akabeba tuzo ya mchezaji bora wa ligi, ya fainali, na ubingwa juu yake. Tena Clippers walau walikuwa na sababu, kwani walimhitaji George ili wampate Kawhi Leonard. Nyinyi sababu yenu ni hasira za usiku.

Na hasira zenyewe nazijua zinakotoka. Mkeka umechanika kwa asisti moja (pasi ya kufungisha), basi mtoto wa watu anaitwa takataka. Tumelea kizazi kinachotazama mchezo kwa jicho la kamari, halafu tunashangaa hakuna mwenye subira.

Gadi huchelewa kuiva kwa sababu kazi yake ni kuwasoma watu tisa kwa wakati mmoja. Acheni kutazama mpira, tazameni skrini, yaani mchezaji anaposimama kumzibia mlinzi njia ili mwenzake mwenye mpira apite. Mchezaji mrefu akishaweka skrini, na mlinzi wake akarudi nyuma kulinda kikapu, gadi mchanga hukimbia moja kwa moja hadi kifuani mwa yule mlinzi, au hushika mpira mapema na kujifunga mwenyewe. Aliyeiva hupunguza mwendo karibu na mstari wa mitupo huru, humweka mgongoni mlinzi aliyekuwa akimkaba, na huendelea kudunda. Anamngoja mlinzi wa kona aingie ndani hatua moja kusaidia. Hatua hiyo ikipigwa tu, mpira unaruka kwenda konani. Mara nyingi hilo huja msimu wa tatu au wa nne, na nyinyi mnamuuza wa pili.

Mengine ya kuangalia: mitupo huru (akifunga 80 katika 100, msitishwe sana na asilimia 30 ya pointi tatu, mkono anao), mkono wa kushoto chini ya kikapu, je, anapokaba anapita juu ya skrini au anajificha nyuma yake, na umri.

Msinielewe vibaya, kuuza kupo. Februari 2022 Sacramento walimtoa Tyrese Haliburton wakampata Domantas Sabonis, na msimu uliofuata wakarudi kwenye mchujo baada ya miaka 16. Indiana, waliompokea Haliburton, nao walifika fainali 2025. Ila ukiwa na gadi wawili, fikiri sana nani abaki. Machi 2012 Golden State walimtoa Monta Ellis, kipenzi cha mashabiki, wakamchukua Andrew Bogut na kubaki na Stephen Curry, ambaye kifundo cha mguu kilimruhusu mechi 26 tu msimu ule. Mmiliki wa timu alizomewa uwanjani. Curry ana makombe manne.

Mwisho, hesabu, maana hapa ndipo mnaponiudhi kabisa. Ligi imeweka vizingiti viwili vya jumla ya mishahara ya timu. Timu iliyovuka cha kwanza haipokei mshahara mkubwa kuliko inaoutoa. Iliyovuka cha pili hairuhusiwi hata kujumlisha mishahara ya wachezaji wawili ili impate mmoja. Gadi aliye kwenye mkataba wa drafti analipwa kidogo, kwa hiyo mshahara wake peke yake hauwezi kulingana na wa nyota wa dola milioni 50 kwa mwaka. Na huwezi kuiacha timu bila chaguo la raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo inayofuatana. Dili lenu la juzi, la gadi wawili kwa mmoja pamoja na machaguo pekee ya 2028 na 2029, kutoka timu iliyokwisha kuvuka kizingiti cha pili, lingekataliwa na ofisi ya ligi kwa makosa mawili. Lipangeni upya.