Asiye na kazi apewe fedha yenye tarehe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee vibarua wa mbao wa hapa Mafinga. Mimi ni muuguzi mstaafu, na majirani bado hunijia nyumbani kupimwa presha.

Mvua zikikolea, malori hayaingii msituni, mbao hazitoki, na wapakiaji wanakaa bure. Ndio msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Wengi hunywa tumbo likiwa tupu, kisha wanakuja wakilalamikia vidonda vya tumbo na kukosa usingizi. Baba mmoja mwenye presha huvunja kidonge katikati ili dawa za mwezi mmoja zimfikishe miezi miwili. Nilipomkanya alinijibu: "Sista, nikijua hela naipata lini, nitameza kizima."

Jibu hilo ndilo linalonifanya niitaje Ufini. Mwaka 2017 na 2018 serikali ya huko iliwapa watu 2,000 wasio na kazi yuro 560 kila mwezi, bila masharti, na aliyepata kazi aliendelea kulipwa. Kiasi hicho hakikupita sana posho waliyozoea. Hata hivyo, walipohojiwa, walieleza kuwa na afya bora na msongo mdogo wa mawazo kuliko wenzao wasiopewa. Ajira iliongezeka kidogo tu, lakini mimi natazama afya. Naamini kilichowatuliza ni kujua kwamba hela inakuja na hakuna atakayeikata.

Kwetu TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, inazishika mkono kaya maskini, nami nimeona watoto wakifikishwa kliniki kwa sababu yake. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ina fao la kukosa ajira, ila ni la mwanachama aliyechangiwa. Mpakiaji anayelipwa mkononi jioni, nani anamchangia?

Naiomba serikali ijaribu katika halmashauri moja tu ya nyanda hizi za juu kusini: kiasi kidogo kwa simu, miezi yote ya mvua, tarehe ileile, na zahanati zipime presha za watu hao kabla na baada. Wapo watakaosema hela itaishia kilabuni. Mimi naishi nao, na ninaowaona wakinywa tangu asubuhi ni wale wasio na lolote la kungojea. Wakihitajika wapimaji, niko tayari bila malipo.

Muuguzi mstaafu,
Mafinga, Iringa