Kabla Hujarudisha Miwani: Sigara Inavyobadilisha Namba ya Macho

Lalamiko linalorudi dukani kuliko jingine lolote ni hili: "Miwani mlinipa miezi sita iliyopita, leo sioni nayo. Lenzi zenu feki." Anayesema hivyo ana haki ya kukasirika, maana miwani si kitu cha kununua kila baada ya miezi. Ila mara nyingi lenzi haina hatia, na wa kuulizwa ni pakiti iliyo kwenye mfuko wa shati.

Tunaanza na miwani yenyewe. Tunaiweka kwenye lensomita, tunasoma namba na kuilinganisha na cheti. Tunapima pia umbali wa mboni hadi mboni kwa milimita, kwa sababu kosa la hapo huumiza kichwa hata namba ikiwa sahihi. Kosa likiwa letu, tunatengeneza upya bila malipo. Lenzi ikiwa sawa tunahamia kwenye jicho, na hapo ndipo mteja huona tunamzungusha.

Tunamzibia jicho moja, la pili tunalikinga kwa kibao chenye kitundu cha milimita moja hivi, asome ubao wa herufi. Akisoma vizuri kupitia kitundu, shida iko kwenye namba. Asipopata nafuu, kubadilisha miwani pekee hakutamtoa hapo. Kuna jambo kwenye lenzi ya jicho, retina (pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha) au mshipa wa fahamu.

Kwa wavutaji tunaanza kushuku mtoto wa jicho. Kemikali za moshi huingia kwenye damu na kumaliza kinga inayoilinda lenzi ya jicho isichakae, na kadimiamu, metali yenye sumu iliyomo kwenye tumbaku, hujilimbikiza humohumo. Aina inayohusishwa zaidi na sigara ni ile ya katikati ya lenzi: kiini huwa kigumu na cha manjano, kisha hupinda mwanga kuliko zamani. Namba ya mbali inasogea upande wa kutoa (−), yaani wa mtu anayeona vizuri karibu kuliko mbali. Ndiyo maana mtu wa miaka 60 aliyezoea miwani ya kusomea anashangaa anasoma gazeti bila miwani na kuwaambia watu macho yamepona. Hayajapona. Mvutaji ana hatari mara 2 hadi 3 ya kupata mtoto wa jicho kuliko asiyevuta.

Njia ya mkato hapa ni kudai lenzi mpya kila namba inaposogea. Tungeweza kuuza tukanyamaza, na faida ni yetu. Lakini jozi tatu ndani ya miaka miwili, kisha upasuaji uleule wa mtoto wa jicho, ni pesa iliyomwagwa. Tukiona kiini kimeiva kiasi hicho tunakuandikia barua ya kwenda kwa daktari wa upasuaji, hata kama ulikuja na pesa ya fremu mkononi.

Halafu kuna machozi. Yamepangika kwa tabaka: ute unaoshika konea (kioo cha mbele cha jicho), maji juu yake, na mafuta ya kope yanayozuia maji yasikauke. Moshi huvuruga mafuta hayo. Tunaweka rangi ya njano kwenye jicho, tunawasha taa ya buluu, mteja anapepesa mara moja kisha anatulia, nasi tunahesabu. Tabaka likipasuka kabla ya sekunde 10, jicho halikai na unyevu wa kutosha. Jicho la hivyo ukilipima mara mbili kwa mashine linaweza kutoa namba mbili tofauti. Wanaotulinganisha na kipimo cha kompyuta cha dakika mbili wajue muda mrefu tunaoulipisha unakwenda hapa: kutibu ukavu kwanza, kisha kupima.

Wengi hujaribu kujitibu kwa matone ya kuondoa wekundu. Hayo hubana mishipa midogo ya jicho. Yakitumika siku kadhaa mfululizo, wekundu hurudi mkali zaidi dawa inapoisha nguvu, na mtu anaongeza matone. Jicho kavu linataka machozi ya bandia, na ukitumia zaidi ya mara 4 kwa siku chukua yasiyo na vihifadhi. Kitambaa cha uvuguvugu juu ya kope dakika 10 hulainisha mafuta. Anayevaa lenzi za kugusa jicho aoshe mikono kwa sabuni na kuikausha kabla ya kuzishika, kwani nikotini ya vidoleni huhamia kwenye lenzi, na mvutaji tayari yuko hatarini zaidi kupata maambukizi ya konea.

Kinachotutisha zaidi ni makula, kitovu cha retina kinachosomea na kutambua sura. Mvutaji ana hatari hadi mara 4 ya makula kuchakaa uzeeni. Mteja akisikia hivyo hukimbilia vidonge vya "vitamini za macho". Soma lebo! Ukiona beta-karotini (kiini ambacho mwili hukigeuza vitamini A) na unavuta, au uliacha karibuni, rudisha kopo. Utafiti wa Ufini kwa wanaume wavutaji, uliotoka 1994, ulionyesha waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiomeza. Fomula ya AREDS2, iliyotokana na utafiti wa vidonge vya macho wa Marekani wa 2013, iliiondoa na kuweka rangi mbili za asili za mimea: luteini miligramu 10 na zeazantini miligramu 2. Hata hiyo ni ya mtu ambaye makula yake yameshaanza kuchakaa kwa kiwango fulani, si kinga ya kumruhusu aendelee kuvuta.

Nyumbani chukua karatasi ya vijisanduku vya milimita 5 yenye nukta katikati. Vaa miwani ya kusomea, ishike sentimita 30, ziba jicho moja, kodolea nukta. Kisha badili jicho. Mstari ukijipinda au sehemu ikififia, usingoje miadi, njoo siku hiyohiyo.

Siku ya kipimo kamili usivute tangu asubuhi. Tutaweka dawa ya kupanua mboni, inachukua dakika 20 hadi 30 kufanya kazi, na ukungu hubaki saa kadhaa. Njoo na miwani ya jua na mtu wa kukuendeshea, pamoja na miwani yako ya zamani, hata iliyovunjika: namba yake ndiyo inayotuonyesha jicho limesogea kiasi gani.