Niliandika kilo, sikumwandika aliyezibeba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu kijana aliyeuliza wiki iliyopita kama kuna haja ya kuendelea kuandika wakati hakuna mchapishaji anayemtaka. Wapo waliomshauri ashindanie Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Ni ushauri mzuri, na fedha zake si haba. Ila swali lake hilo nililibeba kwa miaka mingi, na jibu nililipata msibani.

Mimi ni karani mstaafu wa chama cha msingi cha ushirika, Marangu. Niliajiriwa miaka ya 1980, ushirika uliporudishwa baada ya kuvunjwa mwaka 1976. Mkulima akifika na gunia la kahawa ya maganda, napima, naandika jina, namba na kilo kwenye leja, namkatia stakabadhi. Usiku nawasha taa ya chemli, naandika riwaya. Nilijaza kaunta buku nne. Ndani yake mlikuwa na mfalme, mapanga na binti aliyetekwa, na wote walizungumza Kiswahili ambacho sijapata kumsikia mtu akikisema, mimi mwenyewe nikiwemo. Mwaka 1989 nikaipeleka kwa mchapishaji mmoja Dar es Salaam. Baada ya miezi kumi na moja ikarudi na barua ya mistari miwili, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na alama ya duara ya kikombe cha chai. Ile mistari niliizoea. Duara lile liliniuma.

Nikaacha.

Huku kwetu, kabla jeneza halijateremshwa kaburini kule migombani, husomwa historia ya marehemu. Kamati ya mazishi hutafuta mtu mwenye mwandiko mzuri, na karani ndiye wa kwanza kukumbukwa. Mtindo wake kila msomaji anaujua: marehemu alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akasoma, akaajiriwa, akafunga ndoa, akajaliwa watoto, akaanza kuugua, akafariki. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Niliandika nyingi za namna hiyo, na wala sikuhesabu kwamba naandika.

Mwaka 2007 akafariki bibi mmoja wa kitongoji chetu. Mwanawe wa kwanza akaniletea kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto saba, kuugua, kufa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, haya mbona machache?" Akanijibu, "Kaka, mama alikuwa mtu wa nyumbani tu."

Bibi yule nilikuwa namwona kila msimu kwenye foleni ya mizani, ngata kichwani, kanga imelowa mgongoni. Kahawa ya kihamba chao, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, aliichuma yeye, akaimenya, akaiosha, akaianika, akaifunika mvua ikinyesha, akaileta. Akifika dirishani hakutaja jina, alitaja namba, na namba ilikuwa ya mumewe. Nami niliandika jina la mumewe. Siku ya malipo mume ndiye aliyekuja kutia sahihi. Ushirika wa kahawa tunajivunia, KNCU yenyewe, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ni ya mwaka 1933, lakini kwa desturi yetu mwenye kihamba alikuwa mume, na jina la mwenye kihamba ndilo lililoingia kwenye leja. Nisingelaumiwa na mkaguzi yeyote. Hata hivyo bibi yule hayumo popote katika vitabu vile, na kalamu nilikuwa nayo mimi.

Usiku wa matanga nikafanya jambo ambalo wanaume wa rika langu hawafanyi: nilizunguka nyuma, walikokuwa wanawake wakipika. Mmoja akasema, "Karani, huku umekuja kupima nini?" Wakacheka. Nikaomba kigoda nikaketi, moshi ukinitoa machozi, na baada ya muda wakaanza kusimulia, huyu akimsahihisha yule.

Kumbe bibi alikuwa na leja yake. Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, na kila debe alilobeba kwenda chamani alitia humo harage moja. Mumewe akirudi na fedha, bibi hakugombana. Alilimimina kopo juu ya meza akaanza kuhesabu maharage kwa sauti, moja, mawili, matatu, na kabla hajafika kumi mzee alikuwa ameshakumbuka mfuko wa pili wa koti.

Wakanionyesha pia mlango wa ghala. Miaka ya 1970 bibi aliingia darasa la kisomo cha watu wazima, akajifunza kuandika jina lake, akaliandika mlangoni kwa mkaa. Nililimulika kwa tochi. Herufi za kwanza ni kubwa kama vikombe, za mwisho zimebanana kwa kuwa ubao ulikuwa unaisha. Kwa miaka yote ile, kila mwaka alikuwa akilipitishia mkaa upya.

Niliandika hadi alfajiri. Maharage niliyaweka, mfuko wa koti niliuacha, maana wajukuu wa mzee walikuwepo. Historia aliisoma binti wa darasa la sita. Alipofika kwenye kopo, mzee mmoja wa kanisa alicheka kwa sauti kisha akajiziba mdomo, na wanawake waliokuwa wamesimama mbali, chini ya migomba, wakasogea karibu wasikie. Waliujua mfuko wa koti bila mimi kuuandika.

Tangu siku hiyo sipokei kikaratasi. Naenda nyumbani, naketi jikoni, nauliza marehemu alikuwa akibeba nini, alikuwa akificha nini, na kitu gani kilikuwa kikimchekesha. Si wote wanaopenda. Familia moja ilinirudishia niliyoandika kwa kuwa nilitaja kwamba baba yao alikuwa fundi wa kuchimba vyoo, tena fundi hodari, ambaye mashimo yake hayakuporomoka. Walitaka "mfanyabiashara". Nikawaambia watafute karani mwingine, wakampata.

Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipopewa Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, vijana wa kijiweni waliniuliza, "Karani, na wewe lini?" Niliwaambia nina foleni. Haukuwa utani wote. Zile kaunta buku nne zilikuwa tupu upande wa nyuma wa kila karatasi, na sasa zimejaa majirani zangu.

Kwa hiyo kijana, kama huna mchapishaji, msiba ujao nenda na daftari, uanzie jikoni.

Na wewe Mhariri nina ombi. Ukurasa wako wa tanzia ni wa kulipia, na sina ugomvi na hilo, gazeti nalo linakula. Ndiyo maana humo nawaona wakurugenzi na makanali wastaafu tu. Naomba safu moja ndogo ya bure kila wiki, maneno mia moja na hamsini, kwa marehemu ambaye hakupata kuajiriwa popote. Ya kwanza ipo tayari, na watoto wa yule bibi wameniruhusu. Mjukuu wangu ataichapa kwenye simu na kuituma siku utakayotaka.

Karani Mstaafu,
Marangu, Kilimanjaro.