Njoo na Praizi Zako, Athumani

Kinondoni, Dar es Salaam

Swahiba wangu Athumani,

Salaam nyingi, na shikamoo yangu umfikishie mama. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, joto tu ndilo linalotutesa. Najua nimenyamaza mno tangu uhamie Morogoro, na lawama zako Kibwana amenifikishia zote. Hayo tutayamaliza ukija. Leo nina jambo limenikaa kooni na wewe ndiye wa kuambiwa.

Wamechana paa la Figaro, gari langu la harusi.

Nililipaki nje ya ukumbi mmoja Sinza, maharusi wako ndani, nami nikaitwa kula. Walinzi wapo getini, taa zinawaka, watu wanapita. Natoka niliwashe niwarudishe wenyewe nyumbani, naona kitambaa cha paa upande wa dereva kimeachia. Wembe umepita pembeni kabisa, sambamba na ule ukingo wa chuma juu ya kioo, mstari mmoja ulionyooka, urefu wake kama kutoka kiganja hadi kiwiko, umekata mpaka kitambaa cha ndani. Wakaingiza mkono, wakafungua mlango. Redio imeng'olewa, waya zinaning'inia, mfuniko wa kisanduku cha dashibodi umevunjwa bawaba, na humo hamkuwa na kitu ila karatasi ya bima na leso ya Bi Zuhura. Bwana harusi ni muungwana, hakusema neno baya. Akampakia mkewe kwenye gari la kaka yake. Mimi nikaenda kituo cha polisi kuchukua RB.

Redio haijaniuma sana. Kinachoniuma ni kwamba aliyekaa kwenye kiti kile akachomoa redio kwa raha zake angeweza kuondoka na gari zima. Nikapate wapi jingine? Nissan walitengeneza 20,000 tu, yakauzwa Japani mwaka 1991, na kwa wingi wa wateja ikabidi wapigiwe bahati nasibu. Chini ni Nissan March ya zamani, kwa hiyo vitu vya injini nahangaika kwenye maduka ya spea ya Gerezani na vinapatikana. Lakini taa za nyuma, zile nikeli, kofia za ringi, utazipata kwa nani? Na unajua mwenyewe kwamba ada za watoto zinatoka humo humo, kila Jumamosi yenye harusi.

Kibwana ananishauri nisiwe naloki milango kabisa. Nilimbishia sana, ila kila nikilipima neno lake naona ana hoja. Paa la kitambaa si ukuta. Ukiloki, umemlazimisha kibaka achane. Usipoloki atafungua, atapekua, atakuta patupu, ataondoka na paa litabaki zima. Fundi makochi wa Keko amenishonea kiraka, kazi nzuri, mishono imebana, lakini ni leza nyeupe kabisa juu ya paa la rangi ya maziwa, kinaonekana toka ng'ambo ya barabara. Na bei yake ingenunua redio mbili! Basi sasa siachi kitu ndani, hata chupa ya maji. Kisanduku nakiacha wazi, mtu akichungulia aone kwamba hakuna kitu.

Ila mlango ukiwa wazi, mwizi anakaa kwenye usukani. Ndipo ninapokosa usingizi. Ufunguo wa gari la mwaka ule ni chuma tupu, hauna chipu, na kitasa cha swichi kimeshachakaa. Bisibisi nzuri inatosha. Nimenunua kufuli la usukani, lile la chuma kirefu chekundu. Nalifunga kila ninaposhuka, lakini natambua udhaifu wake: usukani wenyewe ni mwembamba, mtu hasumbuki na kufuli, anakata duara la usukani kwa msumeno wa chuma, analichomoa. Faida yake ni kuonekana kwa mbali, kibaka akahamia kwa jirani. Alamu ndiyo usiniambie. Zinalia usiku kucha kila bajaji yenye muziki ikipita, na hakuna anayeinua kichwa.

Na kuvutwa je? Lina kilo 810 tu, vijana wa kutosha wakishikana wanalisogeza kwa mikono. Ndiyo maana siku hizi napaki pua ikiwa karibu na ukuta. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, gia ikiwa kwenye P yanakaza, kwa hiyo bredauni likiinua nyuma linakuta mbele kumegoma. Mume wa Chausiku ndiye aliyenifungua macho kwa hilo, mwambie namshukuru.

Sasa nije kwenye ombi langu. Nataka unifungie swichi ya siri ya kukata pampu ya mafuta. Nimewaza pia kukata stata, lakini stata ikikaa kimya mwizi anajua pana ujanja, anaanza kupekua waya chini ya dashibodi. Pampu ni tofauti: injini inawaka kwa mafuta yaliyobaki kwenye bomba, gari linasogea kidogo, linazima katikati ya macho ya watu. Ataona kapata gari bovu, atalitelekeza. Na kwa kuwa gia zake ni otomatiki, hata wakilisukuma haliwaki.

Nilienda gereji ya hapa mtaani. Fundi ni hodari, sina neno naye. Lakini nilipomweleza ninachotaka, wakasogea watatu, akaja wa tairi, akaja muuza kahawa, kila mmoja ananionyesha pa kuificha: weka chini ya kiti, weka nyuma ya kisahani cha majivu. Athumani, swichi ambayo kijiwe kizima kinaijua itanilindia nini? Nikawashukuru, nikawasha, nikaondoka. Swichi hii inatakiwa ijulikane na watu wawili, mimi na aliyeifunga, na huyo aliyeifunga awe mtu ambaye nikilala sifikirii jina lake. Sina mwingine ila wewe.

GPS nayo nitafunga, Kibwana anayo kwenye Noah yake. Ila hiyo itaniambia gari limefika wapi. Mimi nataka lisiondoke.

Na tafadhali, waya uzilehemu, usizifunge kwa tepu tu. Kitu kinachonitisha ni rilei, ile swichi ya umeme itakayokata pampu, kufa nikiwa Barabara ya Morogoro, bibi harusi nyuma, msafara unapiga honi.

Sasa nijibu. Unaweza kuja Alhamisi au Ijumaa, kabla ya harusi ya Jumamosi? Rilei gani inafaa, ile ambayo ikifa gari linaendelea, au ile ambayo ikifa gari linazima? Waya za rangi zilezile za kiwandani unazo, ili mtu akipekua asitofautishe, au nizitafute Kariakoo? GPS yenye betri yake ndogo ni bora kuliko ile inayonyonya ya gari likilala wiki nzima? Mama macho yake yanaendeleaje, alishapelekwa kwa daktari? Na yule kijana wako bado anapiga mpira au kaacha?

Nauli nakutumia leo kwa simu. Panda treni ya SGR, nitakupokea stesheni. Utalala kwetu, Zena ameshasema atapika pilau.

Ndimi swahiba wako,
Hamidu