Barua ya wazi kwa Afisa Uvuvi wa Mkoa wa Kigoma: hivi vifaranga vya sato vinavyoingia

Shikamoo mkuu. Naandika hapa hadharani ili na wafugaji wenzangu wasome.

Naanza kwa kukiri kosa. Nina kabwawa kangu huku bonde la mto Luiche, mwaka juzi nikanunua vifaranga vya sato kwa jamaa mmoja alokuja navyo kwenye mifuko ya nailoni, sikumuuliza kibali wala vimetoka wapi maana vilikuwa vimechangamka na bei poa, masika ikaja mto ukapanda, naamka asubuhi bwawa na mto ni kitu kimoja. Watu wakanipa pole ya hela. Pole ya ziwa hakuna alietoa, na Luiche si inamwaga Ziwa Tanganyika hapo chini ya Ujiji?

Huyo sato Mwanza si mzaliwa, alipandikizwa Victoria miaka ya 1950, kipindi hicho hicho na sangara, leo ngege wa asili wa kule, ndugu yake sato, kumpata ni bahati. Zambia nako, mto Kafue, alitoroka kwenye mabwawa ya wafugaji kama mimi akazaana na wenyeji mpaka damu zikachanganyika. Hapo ndo napoogopa mkuu. Samaki anayekula wenzake utamuona, ila huyu anaoa kimya kimya, na perege wetu wa Tanganyika (wataalamu wanamwita Oreochromis tanganicae) kwa asili yupo ziwa hili na mito yake tu dunia nzima.

Zamani samaki aliishia kwenye maporomoko na milima, siku hizi anapanda lori.

Na sisi tumetoa wetu jamani. Lumbu, wale wa jamii ya dagaa, walibebwa hapa Tanganyika wakapelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, halafu Kariba 1967 na 1968, huko wanaitwa kapenta, wakashuka na Zambezi wenyewe mpaka bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji. Asante hatujaisikia hapa Kibirizi (natania). Watu kule wanakula, sikatai, ila Kariba ni bwawa la umeme na Kivu ilikuwa na samaki aina chache. Letu lina aina zaidi ya 200 za wale samaki wa mawe wanaosafirishwa Ulaya kama mapambo, na karibu wote hawapo kwingine.

2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu tukala maharage na mawese ili samaki wapumue. Sasa watu wanahamasishwa kufuga samaki kwenye vizimba ziwani, sawa, ila vifaranga vitoke wapi? Naomba tuwe na kituo cha kuzalisha perege wetu hapa hapa Kigoma kwa bei ya mfugaji mdogo, maana ukikataza sato bila kutupa mbadala watu watavileta usiku, nawajua, mimi mwenyewe ningeleta. Na ile mifuko ikaguliwe stendi na stesheni, si kwenye karatasi tu.

Bwawa langu nimeshalipandisha kingo. Liko tupu, nasubiri perege.

Mfugaji wa Luiche