Jumapili tunabaki baada ya ibada
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jumapili tunabaki kujadili suala la kuungana na lile kanisa kubwa. Msikimbilie daladala!

Mzee mmoja kanipigia usiku akiuliza kama tutanyang'anywa kiwanja, na mabati tuliyoyapata kwa minada ya kuku na mayai. Ana haki kuuliza. Hati nitakuja nayo, kila mtu aone imeandikwa jina la nani.

Wanaosema kuungana ni kumezwa wakumbuke KKKT yenyewe, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ilizaliwa 1963, makanisa saba yalipoungana. Ila yale yote yalikuwa ya Kilutheri. Kwa ubatizo, sisi tunazamisha watu wazima mtoni, wenzetu wananyunyizia watoto wachanga. Hapo ndipo kazi ilipo.

Kinamama, chai ni yenu kama kawaida. Sukari ninayo.